Siku Niliyombebea Kalunde Maji

Waliponiaga ofisini walinipa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, ina fremu ya rangi ya dhahabu, na hugonga hata kama hakuna aliyeiuliza kitu. Sijui ni nani aliyefikiria kwamba mtu akishaacha kazi ndipo anapohitaji kujua saa. Niliwashukuru, nikala keki, nikarudi kwetu Nunguni. Nimeitundika jikoni na kuku wameshaizoea.

Siku hiyo ya keki walimu vijana walinivuta pembeni. Mmoja alitaka kujua nilivyosomesha watoto kwa mshahara wetu ule. Mwingine aliuliza ninakunywa dawa gani, maana mimi naupanda mlima wa Nunguni nikiongea na yeye anahema kwenye ngazi za ofisi. Wa tatu, msichana aliyepangiwa kazi upande wa Kitui, aliuliza afanye nini wanafunzi wasipokuja darasani. Niliwaahidi kuandika. Mshahara wenyewe sitauzungumzia, kwa maana hata ukiwa mkononi haukuwa na mengi ya kusema.

Nilianza kufundisha ngumbaru mwishoni mwa miaka ya sitini, kanisani kwetu. Ngumbaru, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ndilo jina watu waliloliita darasa la watu wazima, na wanafunzi wake, na mwalimu wake, wote jina moja. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, karo ya sekondari ikakosekana, nami nikawa nachuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Mwalimu Kimeu, mzee wa kanisa aliyeongoza darasa hilo, akanifuata kwenye mibuni akaniambia niache kikapu nikamsaidie kushika chaki.

Siku ya kwanza hakunipa chaki. Alinitembeza. Tulishuka mabonde na kupanda vilima tukiingia nyumba baada ya nyumba, yeye mbele na suruali yake fupi, na penye mwinuko hakupunguza mwendo hata kidogo. Nilidhani tungezungumza habari za kusoma. Kumbe aliuliza mambo mengine kabisa: hapa ng'ombe hukamuliwa saa ngapi, kuni huletwa na nani, mtoto mdogo hulala lini.

"Ndinda," aliniambia tulipofika kanisani, "ukijua saa za mtu, utajua kama atakuja. Usipojua, utafundisha benchi."

Niliona ni maneno ya mzee anayependa kutembea. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilinunua viatu vyenye visigino, vyekundu, ili ijulikane kwamba sasa mimi ni mwalimu. Kisigino cha kwanza kilibaki kwenye matope kabla sijafika kanisani. Wiki iliyofuata Mwalimu Kimeu aliniletea akala, ndara za mpira wa tairi, akazitua mezani pangu karibu na kifutio, akaendelea na somo.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu pesa linaanzia miguuni. Kwanza nunua kinachokufikisha kazini. Pili, karo, tena ilipe mwezi ukiwa mchanga. Kinachobaki, nunua mbuzi. Pesa ikiwa mfukoni shemeji huinusa, lakini mbuzi atamwona, atamsifu, halafu ataondoka bila yeye. Karo ya watoto wangu ilitembea kwa miguu minne hadi sokoni, na wote walimaliza shule.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, serikali ilitaka kila mtu ajue kusoma. Niliandikwa kazi ya kudumu na kupelekwa Zombe, upande mkavu wa Kitui. Watoto wangu wawili niliwaacha kwa mama yangu. Mdogo alinishika rinda stendi hadi basi likapiga honi mara ya pili, na hilo ndilo jambo moja katika kazi hii ambalo sikulizoea.

Zombe nilipewa chumba katika shule ya msingi, saa za alasiri, na ubao mpya ambao ulikuwa bado unanuka rangi. Wiki za kwanza watu walijaa. Baadaye nilielewa kwamba wengi walikuja kumwona mwalimu wa Nunguni anafanana vipi. Kiangazi kilipokolea nilibaki na mzee mmoja, naye alikuja kwa sababu chumba kile kilikuwa na kivuli kizuri cha kulalia.

Msimamizi wetu, Bwana Nzioki, alifika kutoka ofisi ya Kitui akanikuta nikimfundisha mzee huyo aliyelala.

"Madam, hii darasa ni ya nani?"

"Ni ya akina mama wa hapa."

"Na wako wapi?"

Nilitazama mlango. Hakukasirika, alikuwa mtu wa haki. Alinieleza tu kwamba kulikuwa na sehemu nyingine zilizoomba mwalimu, na darasa lisilo na watu hufungwa. "Nakupea mpaka mvua," alisema. "Ikinyesha na wewe uko na huyu mzee pekee, nakutransfer."

Nitasema ukweli, nilifurahi, maana huenda ningehamishiwa karibu na kwetu. Niliona rinda langu likishikwa tena na yule mdogo. Nilianza kukusanya vitu vyangu, na ndivyo alivyonikuta Kalunde.

Alisimama mlangoni na mtungi mtupu wa plastiki mgongoni, ukining'inia kwenye mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao mwanamke wa Kikamba huupitisha kwenye paji la uso anapobeba mzigo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, wa umri wangu hivi. Tuliongea Kikamba, bila shaka. Hapa naandika Kiswahili ili sote twende pamoja.

"Mwalimu, ati unafunga?"

"Nifungue niwafundishe akina nani? Wewe ulikuja mara mbili ukapotea."

"Sikupotea. Pale dispensary wanataka mama mmoja wa huku kwetu, wamfunze kuzalisha. Lazima akuwe anajua kusoma dawa, na aandike mwenyewe. Kama hakuna wa huku, wanachukua mtu wa mbali." Alikaza mukwa kwa vidole viwili. "Dada yangu alikufia njiani akibebwa na kitanda. Huyo wa mbali atatufikia na nini?"

"Basi kwa nini huji darasani?"

Alinitazama kama mtu anayeangalia kama mwenzake anatania. "Nikuje na saa gani? Saa yako ni saa ya maji."

Masikio yalinichoma. Niliona suruali fupi ya Mwalimu Kimeu ikipanda kilima. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeketi shuleni nikingoja watu, na mimi maji nikinunua kwa mwenye punda pale pale sokoni nilipopanga, mlangoni kwangu.

Kesho yake nilimfuata Kalunde mtoni. Mto wenyewe, kama mito mingi ya huko, hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mpana mweupe, na maji yako chini yake. Watu huchimba shimo, maji yakajikusanya polepole, mtu akashuka na nusu kibuyu kuyachota. Mitungi ilikuwa imepangwa foleni kutoka ukingo wa shimo hadi mbali, lakini wenyewe hawakusimama hapo. Walikuwa wameketi kivulini, ng'ambo ya pili. Huko mtungi wako ndiye wewe. Ukishauweka kwenye foleni, nenda uendako, walio nyuma watausogeza mbele pamoja na yao na hakuna atakayeuruka. Sharti ni moja: mtungi ukifika ukingoni lazima awepo mtu wa kushuka kuujaza. Asipokuwepo, unapitwa. Tena mtu huchotea nyumba moja tu, maana shimo ni la wote na linatoa maji kama machozi.

Nilitazama wale wanawake kivulini. Walikaa alasiri nzima, mikono mitupu, wakingoja. Darasa langu lote lilikuwa pale, na lilikuwa pale tangu mwanzo.

Nilihamia mtoni wiki hiyo hiyo. Ubao niliuacha shuleni kwa yule mzee. Tuliandika mchangani kwa kidole, na hapa sikilizeni, nyinyi mtakaopelekwa huko: mchanga mkavu hula herufi, na mchanga wa karibu na shimo ni wa maji mno. Chagua ule ulioloa jana. Andika mbali na njia ya punda, kwa sababu punda wa Zombe walinifutia masomo mengi kuliko kifutio chochote. Na usimwambie mtu mzima kwamba amekosea mbele ya wenzake. Futa pamoja naye, muandike tena.

Bwana Nzioki aliporudi, mvua bado, alielekezwa mtoni. Alifika viatu vimejaa mchanga, akasimama, akatutazama.

"Na benchi?"

"Benchi hazijui njia ya huku. Keti chini, Bwana Nzioki, umechoka."

Alivua viatu akaketi. Alisikiliza hadi mitungi ikasogea mara kadhaa, kisha akasema darasa libaki. Alitutajia pia siku ya mtihani: ungefanyika shuleni Zombe, kuanzia asubuhi hadi alasiri, mwalimu wa darasa haruhusiwi kuwa karibu. Watakaofaulu watapewa cheti, na dispensary ilikuwa inangoja cheti hicho.

Wengine walishangilia. Kalunde aliangalia foleni. Wenzake walikuwa na mabinti wa kuwatuma mtoni siku hiyo. Yeye alikuwa na wavulana wadogo wawili, mume aliyefanya kazi Mombasa, na mama mkwe mwenye magoti mabovu. Nyumba yake haikuwa na mtu mwingine wa kushuka shimoni, na kiangazi kile maji ya jana hayakufika kesho.

Nilikwenda kwake kuongea na mama mkwe. Mwaitu Mbithe, yaani Mama Mbithe kwa Kikamba, alikuwa ameketi nje akipembua mbaazi, naye hakuacha kupembua.

"Mwaitu, naomba siku moja ya Kalunde."

"Wewe umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa."

"Nani alikuchotea?"

"Mwenye punda."

"Mimi sikatai kusoma," alisema. "Huyo alikufa ni dada yake, lakini mimi ndiye nilimshika mkono. Najua. Lakini watoto hawakunywi cheti. Maji ikifika hapa kabla ya ng'ombe kurudi, aende. Isipofika, aache hiyo maneno yenu, asiongee tena."

"Yatafika."

"Na nani?"

"Na mimi."

Hapo ndipo aliacha kupembua. Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka hadi kwenye akala, akarudi juu. "Aiya," alisema, "tutaona."

Msidhani nilijisifu bure. Mimi ni Mkamba, nilibeba mtungi nikiwa msichana. Lakini Nunguni chemchemi iko nyuma ya nyumba, na shingo yangu ilikuwa imestarehe miaka mingi. Nilinunua mukwa sokoni nikaanza mazoezi. Siku ya kwanza nilibeba mtungi wenye maji kidogo, na usiku huo nililala nikitazama dari kwa kuwa shingo ilikataa upande mwingine. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakanifundisha. Inama kutoka kiunoni, usikunje mgongo. Hatua fupi. Penye mwinuko usiongee hata ukisalimiwa na chifu. Na usitue kamwe mahali tambarare, kwa sababu ukitua peke yako hutainuka nao. Tafuta kichuguu uegemeze.

Nilifanya hivyo kila siku hadi mtihani ulipokaribia. Huyo anayehema kwenye ngazi, jibu lako ndilo hilo. Sikukimbia uwanjani, sikunywa dawa. Tafuta mzigo ambao kuna mtu anaungojea, uubebe kila siku, uongeze kidogo kidogo. Mwili huelewa haraka ukiwa na sababu.

Siku yenyewe Kalunde alipita kwangu alfajiri, amefunga kitambaa cheupe cha kanisani. Alinipa mtungi wake mkononi. Hakusema asante. Alisema, "Kifuniko inavuja kidogo, weka nailoni," akaenda.

Niliuweka mtungi kwenye foleni, nao haukuwa mbele. Hakukuwa na darasa, kwa hiyo niliketi kivulini na wale mabinti nikijaribu kutofikiria maswali. Ningeweza kufundisha vizuri zaidi hesabu ya kugawanya. Ningeweza kurudia kuandika barua. Mitungi ilisogea, ikasimama, shimo likakauka, tukangoja lijae, ikasogea tena. Jua lilikuwa limeshainama nilipoitwa. Nilishuka shimoni na kibuyu, maji yakifika kwenye kifundo, nikachota kidogo kidogo huku walio juu wakiniambia nisivuruge.

Binti mmoja alinisaidia kuinuka. Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu. Njia ya kwa Kalunde inapanda, inapumzika kidogo, halafu inapanda kwa hasira. Mkanda uliingia kwenye paji la uso. Maji yalipita kwenye nailoni yakanishukia mgongoni. Katikati ya mwinuko wa pili niliona kichuguu, nikaegemea, nikalia. Nawaambieni wazi, nililia. Haukuwa uchungu wa shingo. Nilimfikiria mama yangu Nunguni, aliyekuwa saa hiyo anaosha miguu ya watoto wangu ili mimi niitwe mwalimu. Na kwa mbali, upande wa bondeni, nilisikia kengele za ng'ombe.

Niliondoka hapo haraka kuliko nilivyokuwa nimefunzwa.

Niliingia kwa Mwaitu Mbithe ng'ombe wakiwa bado chini ya boma. Alishika mtungi kwa nyuma akanisaidia kuutua, magoti yake mabovu na yangu mapya mabovu. Akachota kikombe, akanywa, akatema pembeni.

"Iko na mchanga. Hukungoja itulie."

"Sikungoja, mwaitu."

Aliingia ndani akatoka na uji kwenye kibuyu. Tuliketi. Baada ya muda aliniuliza watoto wangu niliwaacha na nani, nikamwambia. Alitikisa kichwa polepole. "Basi huyo mama yako pia amefanya mtihani," alisema.

Kisha akauliza, "Hiyo mtihani, wanauliza nini?"

Nilichukua kijiti nikaandika jina lake kwenye vumbi. Nilimwambia ni lake. Alilitazama sana. Kuku mmoja alitaka kupita juu yake, akamfukuza.

Kalunde alirudi giza likiingia. Hakuuliza kama maji yalifika. Aliona mtungi mlangoni, akauinua kidogo kupima uzito, kisha akaketi chini na kufungua kitambaa chake. Matokeo yalikuja mvua ikiwa imeshanyesha. Alifaulu. Dispensary walimchukua, akafunzwa, akarudi na sanduku lake la kazi, na tangu hapo hakuna mwanamke wa kijiji chake aliyebebwa kwa kitanda akafia njiani. Darasa la mtoni nalo lilipata mwanafunzi mpya mwenye magoti mabovu, aliyeletwa na punda. Mwaitu Mbithe aliandika akibonyeza kwa nguvu, herufi zikawa mashimo marefu mchangani, na alinikosoa kila siku.

Baadaye nilihamishwa, nikamaliza miaka yangu Sultan Hamud, nikifundisha wenye vibanda vya barabarani na makondakta waliotaka kusoma kati ya gari moja na lingine. Ilikuwa kazi nzuri na yenye kelele. Saa zao pia nilizijua zote.

Mwezi uliopita, kuku wakiwa wameshaizoea saa, nilifunga safari hadi Zombe. Kalunde alinipokea stendi, nywele zina mvi, sanduku begani. Aliniambia Mwaitu Mbithe alilala miaka michache iliyopita, na nilikuwa nimesikia. Kisha akanipeleka kwenye mfereji. Siku hizi wana bomba la maji karibu na shule, lakini foleni ni ile ile, mitungi imesimama, wenyewe wako kivulini.

Katikati ya foleni kulikuwa na mtungi mkuukuu wenye maandishi ya rangi ya buluu. Herufi zilikuwa zimebonyezwa kwa nguvu hadi plastiki ikaingia ndani. Niliujua mkono huo kabla sijasoma neno. Ilikuwa imeandikwa MWALIMU.

"Ni ya mama mkwe," Kalunde alisema. "Aliiweka hapa mwenyewe akiwa bado anaweza kukuja na punda. Akasema hii ikuwe ya nyumba yenye haina mtu wa kuchota. Mgonjwa, mzee, mtu wa mtihani. Kila siku inawekwa kwa laini, tunasukuma. Ikifika mbele, mtu yeyote ako na nguvu anajaza na anapeleka."

Tulisimama tukitazama mitungi ikisogezwa, nao ukasogezwa pamoja nayo, hakuna aliyeuruka. Ulifika mbele tukiwa pale pale. Msichana mmoja aliinuka kivulini kuujaza.

"Leo ni ya nani?" niliuliza.

"Kuna mama nimezalisha jana usiku. Mtoto msichana. Hana mtu."

Nilivua koti nikampa Kalunde ashike, nikamwomba yule msichana mukwa wake.

"Nyumba iko upande gani?"